Besi ya Fundi Inapokataa Kuimba: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Besi, yaani gitaa la besi, iliyochongwa kwa mkono katika karakana ndogo hubeba matarajio makubwa. Mwenyewe amechagua mbao, amesubiri miezi, amelipa fedha ambayo ingenunua besi kadhaa za kiwandani. Noti moja ikifa, au uzi wa B, ule mnene kuliko yote kwenye besi ya nyuzi tano, ukinguruma bila kueleweka unapiga noti gani, mawazo hukimbilia mambo makubwa: pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) hazifai, priampu (saketi ya ndani inayokuza na kurekebisha sauti) ni mbovu, mbao si zile zilizoahidiwa. Nimekagua besi nyingi za aina hii, na msimamo wangu umebaki uleule: anza na vitu vinavyougusa uzi, ndipo uende kwenye vitu vinavyousikiliza. Uzi ukitetemeka vibaya, hakuna pikapu itakayourekebisha. Itakuletea ubaya huohuo kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: nyuzi, shingo, kimo cha nyuzi juu ya freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo), intonesheni (yaani noti kulia sawasawa kwenye freti zote), umbali wa pikapu, na umeme mwishoni. Usiruke hatua, kwa sababu kila moja hubadilisha zinazofuata. Ukipanga intonesheni leo na kesho ukanyoosha shingo, kazi ya leo imepotea. Utahitaji tyuna, rula ya milimita, fila ya kupimia nafasi, kapo (kibano cha kubana nyuzi shingoni), bisibisi na spana za L zinazoenea besi yako sawasawa. Chomeka besi moja kwa moja kwenye amplifaya, bila pedali, ekwalaiza yote ikiwa katikati.

Nyuzi zinakwaruza

Sikiliza kwanza kama mkwaruzo unatoka kwenye spika, au unausikia tu besi ikiwa haijachomekwa. Besi iliyowekwa nyuzi chini kwa ajili ya wepesi wa vidole hukwaruza kidogo, na wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo hasa. Kama spika haiutoi, hapana ugonjwa. Kama inautoa, mahali unapotokea ndipo panapokuonyesha chanzo.

Uzi ukikwaruza ukiwa wazi tu, na ukanyamaza mara unapobonyeza freti yoyote, tazama kizingiti, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki kilicho kati ya kichwa na shingo. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3 na uangalie juu ya freti ya 1. Pawepo nafasi ndogo sana, kama unene wa karatasi. Uzi ukiwa umelala juu ya freti kabisa, mfereji wa kizingiti umechimbika mno.

Mkwaruzo wa freti ya 1 hadi ya 5 kwa kawaida unatoka kwenye shingo iliyonyooka kupita kiasi au iliyopinda kuelekea nyuma. Uzi hutetemeka kwa upana zaidi sehemu zake za kati, ndiyo maana shingo inahitaji bonde dogo. Funga kapo freti ya 1, bonyeza uzi wa E kwenye freti ya mwisho, kisha pitisha fila kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Milimita 0.25 hadi 0.4 huwafaa wapigaji wengi. Ikiwa pungufu, legeza chuma cha ndani ya shingo kwa robo mzunguko, tuni upya, pima tena. Ikiwa imezidi, kaza kwa robo hiyohiyo. Kamwe usizungushe zaidi ya robo kwa mara moja, na spana ikigoma, acha hapo. Kukatika kwa chuma hicho ndani ya shingo iliyogundishwa ni hasara ninayomuombea kila mtu asiione.

Mkwaruzo ukianzia freti ya 12 kwenda juu, nyuzi zimeshuka mno. Pandisha tandiko, kile kipande cha daraja kinachobeba uzi, mpaka upate takriban milimita 2 kwenye uzi wa G na 2.5 kwenye E, ukipima juu ya freti ya 12. Hiyo ni sehemu ya kuanzia tu. Anayepiga kwa nguvu atataka zaidi. Ukipandisha sana na bado freti za 15 na kuendelea zinalalamika, mwisho wa ubao wa freti umeinuka pale shingo inapokutana na mwili. Chuma cha shingo hakina nguvu eneo hilo, kwa hiyo kazi inarudi kwa fundi kusawazisha freti.

Noti moja ikikwaruza peke yake, freti inayoifuata ndiyo iliyoinuka. Laza kipande kifupi cha chuma kilichonyooka juu ya freti tatu. Kikicheza huku na huku kama bembea, ya katikati iko juu kuliko jirani zake.

Kuna pia mlio unaofanana na wa freti lakini hautoki huko: skrubu ya tandiko iliyolegea, nati ya kigingi cha kukazia uzi, betri inayogonga ndani ya kisanduku chake. Rudia noti inayolia huku mkono mwingine ukishika kitu kimoja baada ya kingine. Mlio utanyamaza ukifika kwenye mkosaji.

Na kama besi ilikuwa safi mwezi uliopita na leo inakwaruza kote bila kuguswa, fikiria hewa. Mbao huvuta na kutoa unyevu, na shingo husogea nao. Unyevu wa asilimia 45 hadi 55 ndio unaozipa shingo utulivu. Kugusa chuma cha shingo mara mbili tatu kwa mwaka ni matunzo ya kawaida, wala si dalili kwamba fundi alikosea.

Noti bubu

Huu ndio ugonjwa unaowaumiza zaidi wenye besi za gharama, kwa sababu unaonekana kama usaliti. Unapiga uzi wa G, noti zote zinaimba kwa sekunde nyingi, halafu ukifika freti ya 5, 6 au 7, moja inazimika kama mshumaa. Haikwaruzi, haitoki kwenye tuni. Inakufa tu.

Shingo yenyewe ni ubao mrefu ulioshikwa upande mmoja, na kama ubao wowote ina masafa yake ambayo hupenda kutetemeka nayo. Noti inapoangukia masafa hayo, uzi huimwagia shingo nguvu zake badala ya kubaki nazo. Mtafiti wa akustika wa Ujerumani, Helmut Fleischer, alipima mitetemo ya shingo za magitaa ya umeme na akaonyesha uhusiano huo: pale shingo inapokubali kusogea kwa urahisi kwa masafa ya noti, noti hufa mapema. Kwenye besi nyingi zenye uzi wa urefu wa inchi 34 kutoka kizingiti hadi tandiko, na zenye shingo ya mti iliyofungwa kwa skrubu, masafa hayo huangukia karibu na C, C# au D ya uzi wa G, yaani takriban Hz 131 hadi 147.

Kabla ya kuilaumu shingo, hakikisha si freti. Kipimo ninachokiamini ni hiki: shusha uzi wa G kwa nusu toni, kisha tafuta noti inayokufa. Ikiwa sasa inayokufa ni freti moja juu zaidi, yaani sauti ileile, shingo ndiyo inayoimeza. Ikiwa inayokufa bado iko kwenye freti ileile, chunguza freti hiyo, maana huenda imelegea kwenye mfereji wake. Kisha piga sauti ileile kwenye uzi wa D, freti tano juu. Mara nyingi itaimba vizuri hapo, kwa sababu kidole kimeibana shingo mahali ambapo haitikisiki sana.

Dawa ya kuiondoa kabisa haipo, ila inaweza kuhamishwa. Ongeza uzito kichwani mwa besi, kwa mfano kwa kibano kidogo cha chuma, nawe utaona noti bubu ikishuka kuelekea sauti ya chini. Ukiweza kuiangushia kati ya noti mbili, umeshinda. Hakuna freti inayoipiga tena moja kwa moja. Vigingi vyepesi hufanya kinyume, huipandisha. Kabla ya kununua vigingi vipya, jaribu kibano, kwa kuwa kitakuonyesha ni kiasi gani shingo yako inakubali kubadilika.

Mafundi waliliona tatizo hili zamani. Shingo za nyuzinyuzi za kaboni za kampuni ya Modulus na besi zisizo na kichwa za Steinberger zilibadilisha ugumu na uzito wa shingo, na noti bubu zikapungua au zikahamia mahali pasipoumiza. Mafundi wengi wa leo huzika vyuma au vijiti vya kaboni ndani ya shingo ya mti kwa nia hiyohiyo. Hata hivyo nimeshika besi ghali zenye vijiti hivyo ambazo bado zina noti bubu moja. Ukiwa unaagiza, piga kila freti ya uzi wa G, acha kila noti ife yenyewe, kabla ya kuipokea.

Uzi wa B hauna umbo

B ya chini hutetemeka takriban mara 31 kwa sekunde. Spika nyingi za besi zinadhoofika kabla ya kufika huko, kwa hiyo unachokisikia hasa ni sauti zake za juu, za Hz 62, 93 na 123, na sikio lako ndilo linaloijenga noti ya chini. Sauti hizo za juu zikiwa hazina mpangilio, noti hugeuka ngurumo. Ndiyo maana tatizo la B ni tatizo la uzi wenyewe kwanza.

Angalia kama uzi ulijipinda wakati wa kufungwa. Uzi mnene ukizungushwa hata nusu duara kabla ya kukazwa, hubaki na msokoto ndani na utapiga noti mbili zinazogombana. Ulegeze, uache ujizungushe wenyewe, ukaze upya. Kisha bonyeza uzi kwa kidole gumba mbele tu ya tandiko na mbele tu ya kizingiti ili ukunjike vizuri juu yake badala ya kupita kwa upinde mpana. Kazi hii ya dakika moja imezirudishia uhai nyuzi ambazo wenyewe walikuwa tayari kuzitupa. Tahadhari moja: usikate uzi kabla ya kuukunja kona pale utakapokata, hasa ule wenye kiini cha mviringo, maana waya wa nje unaweza kuteleza na uzi ukafa papo hapo.

Halafu pikapu. Sumaku iliyo karibu mno na uzi mnene huuvuta, na noti huanza kuyumba kana kwamba kuna tuni mbili. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho. Kama nafasi iliyobaki juu ya pikapu ni chini ya milimita 2, ishushe upande wa B mpaka ifike 3 na usikilize tena.

Baada ya hayo tu ndipo uzungumzie urefu wa shingo, yaani urefu wa uzi kutoka kizingiti hadi tandiko. Wapenzi wa besi za nyuzi tano hubishana sana kuhusu inchi 34 na 35, na hesabu inasaidia. Kwa uzi uleule na tuni ileile, mkazo hukua kwa mraba wa urefu: kutoka 34 hadi 35 unaongezeka kwa takriban asilimia 6. Kutoka uzi wenye unene wa inchi 0.125 hadi 0.130 kwenye shingo ileile, mkazo unaongezeka kwa takriban asilimia 8. Maana yake, anayelalamika kwamba B yake ni laini chini ya vidole anaweza kupata mkazo wa ile inchi, na ziada, kwa pakiti ya nyuzi.

Lakini mkazo si uwazi. Uzi mnene zaidi ni mgumu zaidi kukunjika, na ugumu huo huzipandisha sauti zake za juu mbali na mahali pake. Shingo ndefu huongeza mkazo bila kuongeza unene, na hapo ndipo watetezi wa inchi 35 wana haki. Mpigaji besi wa Marekani, Anthony Jackson, alikwenda mbali zaidi: besi zake za nyuzi sita zilizotengenezwa na kampuni ya Fodera zilikuwa za inchi 36. Kampuni ya Dingwall hutandaza freti kwa mshazari, kama pepeo la mkono lililofunguliwa, ili B ipate urefu mkubwa na G ubaki mfupi. Kama shingo yako ni ya 34, jaribu uzi wa B uliopunguzwa unene pale unapokalia tandiko. Hukunjika kwa urahisi zaidi, na kwa masikio yangu ndio njia fupi ya kuipa B umbo.

Intonesheni haikai

Nyuzi zilizochakaa hazipangiki. Kama freti ya 12 inakataa kulingana na hamoniki yake (sauti inayotoka ukiugusa uzi kidogo tu juu ya freti hiyo bila kuubonyeza) hata ukisogeza tandiko mpaka mwisho, badilisha nyuzi kabla ya kufikiri jambo lingine. Nyuzi zikiwa mpya: noti iliyobonyezwa ikiwa juu kuliko hamoniki, rudisha tandiko nyuma, ikiwa chini, lisogeze mbele. Pima besi ikiwa mkao wa kupigwa, si imelazwa mezani, na bonyeza kwa nguvu unayotumia siku zote. Freti za 1 hadi 3 zikiwa juu ilhali ya 12 iko sawa, mifereji ya kizingiti iko juu mno na kidole kinaunyoosha uzi ukiufikisha fretini.

Inapendeza chumbani, inapotea bendi ikianza

Hapa ndipo priampu nzuri hununuliwa bila sababu. Ukiwa peke yako, sauti yenye chini nyingi na juu inayong'aa inavutia, na katikati inaonekana kelele. Bendi ikiingia, ngoma kubwa inachukua chini, matoazi na magitaa yanachukua juu, na wewe umekwisha kuitupa sehemu pekee iliyokuwa yako. Rudisha Hz 250 hadi 800 kidogo kidogo huku wenzako wakipiga. Sauti itaonekana mbaya ukibaki peke yako. Iamini sauti inayosikika ndani ya bendi.

Kuna kosa la pili lililo gumu zaidi kuligundua. Priampu nyingi zina vinobu vyenye kituo katikati, ambapo sauti haijaongezwa wala kupunguzwa. Ila zipo zinazoongeza tu. Zile za kampuni ya Sadowsky ni mfano unaojulikana: zinaongeza Hz 40 na kHz 4, na sauti tulivu iko vinobu vikiwa vimefungwa kabisa. Aliyezoea aina ya kwanza akishika ya pili, huweka vinobu nusu akidhani hajaongeza kitu, kumbe amekwisha kuisukuma Hz 40, masafa ya uzi wa E ulio wazi, na amplifaya inamaliza nguvu kwa sauti ambayo hadhira haiipati. Funga vyote, anza upya.

Usisahau chumba. Wimbi la E ya chini lina urefu wa zaidi ya mita 8. Noti moja ikinguruma na nyingine ikitoweka, tembea hatua nne kando. Kama hali inabadilika, besi yako haina kosa.

Pikapu zote mbili zikiwa wazi, sauti inakonda

Kukonda kidogo ni kawaida. Pikapu mbili husikiliza uzi uleule mahali pawili, na baadhi ya sauti za kati hufutana. Punguza moja kidogo tu na unene unarudi. Lakini kama sauti ya chini inatoweka kabisa na kubaki mlio wa puani, nyaya za pikapu moja zimegeuzwa. Hutokea hasa baada ya mtu kubadilisha pikapu moja na kuacha nyingine. Kugeuza nyaya mbili kwa lehemu kunatosha, mradi kwanza uhakikishe kwamba kifuniko cha chuma hakijaunganishwa na mmoja wao.

Mvumo

Geuka ukiwa umeshika besi. Mvumo ukipanda na kushuka kadiri unavyogeuka, pikapu za koili moja zinanasa sumaku ya transfoma au taa iliyo karibu. Bati la shaba ndani ya mwili halizuii hilo. Kinachozuia ni koili mbili zinazofutana, au kufungua pikapu zote mbili za mtindo wa besi ya Fender Jazz kikamilifu, kwa kuwa kwa kawaida zimesukwa kinyume. Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, ardhi ya daraja inafanya kazi na kinachokosekana ni ukingaji. Ukiongezeka unapogusa, kagua waya wa ardhi. Ukihisi hata mtekenyo mdogo wa umeme kwenye midomo au vidole, chomoa amplifaya mara moja na usipige tena mpaka soketi na amplifaya vikaguliwe na fundi umeme.

Sauti inachafuka au inakatika

Kwa besi yenye priampu, betri kwanza, kila mara. Betri ya volti 9 ikishuka kuelekea 7, noti za nguvu huanza kupasuka huku za polepole zikibaki safi, na ndiyo maana watu hulaumu spika. Pima kwa mita ya umeme, usikisie.

Kebo ikichomekwa besi huwaka, ikichomolewa huzima. Tundu lenyewe ndilo swichi. Betri mpya ikiisha ndani ya siku chache ilhali kebo hukaa nje, fungua kifuniko na uangalie nyaya za tundu hilo: ule mweusi wa betri unapaswa kuwa kwenye kiguso cha katikati, si kwenye ardhi pamoja na nyingine.